Pekupeku Lamu: anzia pagumu, mchanga laini uje mwisho

Mtu akisema anataka kuanza kukimbia pekupeku hapa Lamu, kila atakaemuuliza atamwambia nenda ufuo wa Shela, mchanga ule laini hauumizi. Mimi naona huo ushauri ndo unaowamaliza watu, manake wanaanza Jumatatu kwa shangwe, Ijumaa wanachechemea shavu la mguu limekaza hata haliguswi, afu wanasema haya mambo ni ya watoto. Mchanga laini, ule mkavu wa juu, kwa kutembea ni raha lakini kwa kukimbia ndo mgumu kuliko yote. Kisigino chazama, kano ya nyuma ya kisigino yavutika kupita ilivyozoea, na kibaya zaidi ukitua vibaya husikii kitu, utajua usiku ukilala. Pagumu hapakuachii, ukikosea hatua moja wapata jibu hapo hapo. Kwa iyo mimi mtu nampeleka hivi: sakafu na simiti kwanza, halafu mchanga wa maji maji wakati bahari imekupwa, mchanga mkavu baadae sana, na miamba na mikoko aende na viatu tu.

Kabla hujavua viatu

Wengi wetu hatuanzi sifuri. Nyumbani pekupeku, msikitini pekupeku, utotoni mpira wote wa ufuoni pekupeku, kwa iyo unyayo si mgeni. Lakini ngozi ndo kitu rahisi, ngozi yazoea upesi. Kazi iko ndani. Mguu mmoja kuanzia kifundo kwenda chini una mifupa 26 na misuli midogo midogo ya kuishika, na kama miaka yote umeivisha raba nene ya sponji hio misuli imelala, kuiamsha ni miezi, na mifupa ndo ya mwisho kabisa kupata nguvu. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2013, walichukua wakimbiaji wa raba za kawaida wakawahamishia kwenye vile viatu vyembamba vyenye vidole kwa wiki 10, na kwa mpangilio wa kuongeza kidogo kidogo, bado zaidi ya nusu walipopigwa picha walikutwa na dalili za mifupa ya mguu kuvimba kwa ndani. Sasa hao walikuwa na ratiba, je wewe unaeamka tu Jumamosi ukaamua leo naumaliza ufuo wa Shela wote, kilomita 12 na ushee, bila kitu mguuni?

Kuna watu hawafai kujaribu kabisa nje. Mwenye kisukari hasa kama miguu ina ganzi, asivue viatu hata uani, manake anaweza kukanyaga msumari asijue mpaka kidonda kioze. Mwenye kidonda wazi asubiri kifunge. Na wote waliobaki, sindano ya pepopunda iwe haijapita miaka 10. Hili nalisisitiza kwa sababu vijidudu vya pepopunda vyakaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na mji wetu kila pembe pana punda, afu ongeza misumari ya mafundi. Ukishajikata ndo unaanza kukumbuka mara ya mwisho ulidungwa lini umechelewa kidogo.

Kuhusu sugu, usizitafute kwa nguvu na usizikwangue ziishe. Watu huogopa kwamba sugu itaua hisia, lakini utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature 2019, na baadhi ya waliopimwa ni Wakenya wanaotembea pekupeku, ulionyesha sugu nene haipunguzi kuhisi ardhi. Kinachopunguza ni soli ya sponji. Sugu nzuri ni laini kama ngozi ya mkoba, inayopasuka ikafanya magaga ndo mbaya, mchanga waingia kwenye ufa na panatunga usaha. Paka mafuta ya nazi usiku kabla ya kulala, yatosha.

Mjini, kwenye sakafu na simiti

Anza na kutembea, na anza alfajiri watu wakitoka kuswali, jua halijapanda na punda bado hawajaanza zamu ya kubeba mawe na mchanga. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani vizuri kwa hili kwa sababu ni vyembamba na nyumba ni ndefu, kivuli karibu siku nzima, sakafu yakaa baridi. Dakika kumi yatosha kabisa siku ya kwanza hata kama wajiona shujaa. Macho yasiangalie vidole, yaangalie hatua tatu nne mbele, mguu wenyewe utajipanga, na ukizoea utagundua unakwepa vitu bila hata kufikiria.

Kinyesi cha punda kikavu hakina shida kubwa zaidi ya adabu, kibichi chateleza na chaficha vitu, kwa iyo hicho ruka. Mitaro ya maji machafu usitie mguu hata kidogo, na mvua ikinyesha ikafurika hio siku vaa ndara zako utulie. Panapojengwa pia kaa mbali, utaona rundo la boriti na mawe ya kukatwa, basi jua chini pana misumari na vipande vya matumbawe vinavyokata kama wembe. Ukirudi osha miguu bombani kabla hujakanyaga jamvi la mtu, na kwa msikitini sina haja ya kukuambia.

Ukitembea wiki mbili bila maumivu ndo uanze kukimbia, na nenda ufukweni mbele ya mji pale simiti ni sawa. Uende mapema, saa moja ikishapita mizigo yaanza kushuka na utakuwa unasumbua watu wenye kazi zao. Sehemu wanaposhusha samaki pita ukitembea, ndoana ndogo haionekani na ikiingia haitoki kwa kuvutwa, ile ncha yake yarudi nyuma kuchana nyama. Ngazi za gati nazo zile za chini zinazofunikwa na maji zina utelezi wa kijani na chaza zimeng'ang'ania pembeni, usijaribu kuzishuka mbio.

Sasa namna yenyewe ya kukimbia. Hatua fupi, tena fupi kuliko unavyodhani, na za haraka, wengi huambiwa karibu 180 kwa dakika na si lazima ufike huko lakini ukijihesabu ukapata 150 jua unavuta hatua ndefu sana. Mguu utue chini ya nyonga, usitue mbele yako. Kinachogusa kwanza ni sehemu pana ya mbele chini ya vidole, upande wa nje kidogo, afu kisigino kinashuka chenyewe taratibu kinagusa na kuondoka. Hapa watu wengi hukosea, wanasikia "tua na mbele" basi wanakimbia kwa ncha za vidole kisigino hakigusi chini kabisa, hio ndo inaua shavu la mguu. Kisigino kiguse. Goti likunjike kidogo, vidole vilegee. Na sikiliza: ukisikia pa pa pa kwenye simiti unapiga ardhi, mkimbiaji mzuri wa pekupeku akikupita kwa nyuma hushtukii.

Haya si mambo ya kubuni. Profesa Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walipima wakimbiaji wakiwemo wa huku kwetu Bonde la Ufa waliokulia pekupeku, matokeo yakatoka 2010, wakaona wasiovaa viatu wengi hutua na mbele ama katikati ya mguu, na ule mshtuko wa ghafla wa kisigino kugonga chini kwao karibu haupo. Raba ya kisigino kinene ndo inayokuruhusu kugonga bila kuhisi. Lakini isiwe dini pia. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 pekupeku, saa 2 dakika 15 na sekunde 16, afu 1964 Tokyo akashinda tena na viatu. Alivaa akavua, mwendo ni wake.

Siku za kwanza kimbia dakika tano tu, vaa viatu umalizie mazoezi yako ya kawaida, na kesho yake pumzika. Siku moja ndio siku moja hapana. Ukiona wiki mbili zimepita hakuna kitu, ongeza dakika mbili tatu. Shavu la mguu kuuma kwa uchovu ni sawa, huo utaisha. Maumivu ya kuogopa ni yale ya sehemu moja, wabonyeza kwa kidole juu ya mguu, pale nyuma ya vidole, waruka, hapo acha kukimbia wiki kadhaa na usijidanganye na dawa ya kuchua, yawezekana ni ufa kwenye mfupa. Kano ya kisigino ikiamka imekaza kila asubuhi hio pia ni onyo.

Mchanga wa maji maji

Hapa ndo penye utamu wa Lamu, na hapa lazima uijue bahari. Wataka maji yakupwe, ule mchanga uliobaki umelowa na kushikana, mguu waacha alama bila kuzama. Siku za bamvu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yaenda mbali kabisa na kwetu kukupwa huwa mida ya saa nne saa tano asubuhi, jua limepanda lakini mchanga ulioloa haukuchomi. Kila siku yachelewa kama dakika hamsini, kwa iyo ukijua ya leo ya kesho waihesabu mwenyewe. Maji mafu, yale ya siku za mwezi nusu, hayaendi mbali, sehemu ngumu yabaki nyembamba na ya mteremko. Na kama watoka mjini kwa miguu kwenda Shela, karibu kilomita tatu, angalia maji kabla ya kutoka, yakijaa yagonga kuta na utajikuta waomba boti.

Mteremko ndo adui asiesemwa. Ufuo umeinama kuelekea baharini, ukikimbia mbali mguu mmoja siku zote uko chini na mwingine juu, nyonga na goti vitakuuliza jioni. Dawa yake ni mbili, ama uende umbali mfupi urudi pale pale ili kila mguu upate zamu, ama usubiri maji yaishe kabisa ushuke mpaka palipo sawa. Pale chini pana vile vituta vidogo vidogo vya mchanga ambavyo maji yamechora, ni vigumu ajabu na vinachoma katikati ya unyayo, hapo punguza mwendo na ufupishe hatua zaidi.

Wengine hupenda kukimbia ndani ya maji ya vifundoni. Ni mazoezi mazuri, lakini maji yakiwa na tope huoni unachokanyaga, na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia kwenye mchanga kwenye maji kama hayo hayo. Ukitembea ndani ya maji buruza miguu usiinue, taa akisikia mtikisiko ataondoka mwenyewe, akikanyagwa mgongoni ndo anapiga mkia. Mbio ndani ya maji machafu mimi siruhusu mtu. Yavuyavu, wale viumbe laini kama uteute wanaowasha, wakiwa wametupwa ufuoni warukie mbali hata kama wamekauka, bado wawasha.

Faida nyingine ya mchanga huu ambayo watu hawaiwazi ni kwamba wakuepusha na choo cha paka. Paka wa Lamu tunawapenda wote, lakini choo chao ni mchanga mkavu, na minyoo yao ikiangua kwenye mchanga yaingia kwenye ngozi ya mtu. Mchanga unaooshwa na bahari mara mbili kwa siku hauna shida hio, ule wa juu karibu na kuta na vichaka ndo unao. Kwa iyo ukimaliza kukimbia usikae pale juu kunyoosha miguu, nyoosha kwenye mchanga uliolowa.

Mchanga mkavu na vilima vya Shela

Baada ya miezi miwili mitatu ya hayo ya juu, karibu. Anza kwa kutembea tena, kama hujawahi kukimbia. Mchanga mkavu ukikutana na jua la kaskazi wachoma mpaka malengelenge, na kipimo changu ni kuweka mgongo wa mkono chini, ukishindwa kuhesabu mpaka tano basi rudi saa kumi na moja. Usiseme utapita mbio ndo usiungue, katikati ya ufuo hakuna kivuli cha kukimbilia.

Kupanda kilima cha mchanga pekupeku ndo zoezi la vidole, vyachimba vyenyewe, na mguu wote wafanya kazi mpaka mapajani, mara tatu nne kupanda na kushuka yatosha kwa siku. Shuka ukitembea kwa kuchimbia kisigino. Na pita penye njia iliyokwisha kanyagwa usikanyage majani na mizizi, vile vilima ndo vinavyokusanya maji ya mvua ya visima vya Shela ambavyo mji wote wavitegemea, mimea ikiisha mchanga waondoka na upepo wa kusi. Juu ya ufuo pia angalia mashimo ya kaa, yana upana wa kuingia kisigino na kifundo chageuka hapo hapo.

Miamba, mikoko na bara

Miamba ya matumbawe pekupeku hapana. Najua kuna wazee wanatembea juu yake kama sakafu, wamefanya hivyo tangu wadogo na wajua kila jiwe. Wewe vaa viatu vya plastiki. Pale pana wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi, mwiba unaingia unakatika ndani, na kuna samaki anaefanana na jiwe kabisa ambae sumu yake si ya utani. Hali kadhalika mikoko ya upande wa kisiwa cha Manda, tope lenyewe laini lakini chaza wamejaa kwenye mizizi na vile vijiti vya mizizi vinavyochomoza juu vyaweza kutoboa unyayo. Kule Manda Maweni kwenye machimbo sitasema kitu, jina latosha.

Ukivuka bara kwenda Mokowe mambo yabadilika. Lami mchana ni kikaango, asubuhi mapema ni nzuri kwa sababu ni sawa, lakini kandoni mwake pana vioo na waya. Njia za udongo za kuelekea kijiji cha Hindi tamu sana baada ya mvua, udongo umeshikana vumbi hakuna, ila kiangazi mbigiri zatawala, na mbigiri ikishaingia usiendelee hatua hata moja, simama kwa mguu mmoja uitoe. Penye vumbi kavu karibu na mabanda ya wanyama kuna funza.

Ukiumia

Mkato wa matumbawe ama chaza uoshe kwa maji safi na sabuni, sugua hata kama yauma mpaka chembe zote zitoke, manake chembe zikibaki kidonda hakifungi. Usikae siku tatu ukisema maji ya chumvi yatatibu.

Taa, mwiba wa wale wadudu weusi wa bahari, ama huyo samaki wa jiwe: tia mguu kwenye maji ya moto, moto unaovumilika usiounguza, muda wa nusu saa mpaka saa moja na nusu, ukiongeza moto yakipoa. Sumu zao haziwezi joto, maumivu yashuka. Mtu mwingine apime maji kwa mkono wake, mguu uliopigwa hauhisi vizuri. Wazee hupaka utomvu wa papai bichi kwenye miiba ya bahari, sina ugomvi nao, lakini mwiba wa taa ukibaki ndani ama ukiingia ndani sana ni hospitali, na samaki wa jiwe ni hospitali moja kwa moja, maji ya moto iwe ni njiani.

Funza utamuona kama kitone cheusi katikati ya uvimbe mweupe pembeni ya ukucha, anawasha. Sindano ichomwe moto au iwe mpya, na msitumie moja nyumba nzima, damu ni damu. Siku hizi mafuta ya mwarobaini yakichanganywa na ya nazi pia hutumika kumuua bila kuchokoa.

Minyoo ya paka yaonekana kama mstari mwekundu unaopindapinda chini ya ngozi, kila siku umesogea kidogo, na muwasho wa usiku usiokuachia ulale. Usiupake petroli wala usijichane, nenda kituo cha afya waonyeshe, ni vidonge vya siku chache tu. Safura nayo, ile minyoo inayoingia kwa unyayo kutoka udongo wenye kinyesi cha binadamu, haina mstari mrefu hivyo, yaanza kwa muwasho afu baada ya muda damu yapungua mtu achoka bila sababu, kwa iyo mtembeaji wa pekupeku anaepita mashambani ni vizuri kupimwa choo mara moja moja na kumeza dawa ya minyoo anapoambiwa.